Fitri ya Bi Nasima

Sokomuhogo,
Mji Mkongwe, Unguja.
Mfunguo Mosi 5 (4 Aprili 2025)

Mpendwa kaka Abdulhakim,

Assalaam alaykum, na shikamoo kaka. U hali gani? Na wifi Sichana, goti lake limepungua? Sisi huku wazima. Watoto wanamalizia vileja vya sikukuu, na kifua changu kimetulia tangu mvua zianze. Alhamdulillahi. Idd njema, ingawa nimechelewa.

Barua hii nampa Ulfat, binti wa jirani, anakuja huko Maskati kesho, pamoja na achari ya maembe. Nimeandika kwa mkono kwa sababu ile simu yako huisikilizi peke yako, inasikilizwa na nyumba nzima.

Kwanza amana. Sadaka mliyonituma wewe na wenzako wa msikitini imefika, na nimefanya kama mlivyosema: mchele, unga, sukari na tende kwa maskini wa mtaani kwetu. Ila mlitaka picha za waliopokea. Picha sikupiga. Nisikilize kabla hujanuna, maana nakujua.

Unamkumbuka Bi Nasima wa nyumba ya kona, aliyekuwa akitushonea nguo za sikukuu? Mumewe kafariki, na macho hayaoni tena tundu la sindano. Ramadhani ya mwaka juzi watu fulani waliwaita wahitaji kule Mwanakwerekwe, wakawapanga mstari na mifuko yao, wakawapiga picha. Picha ikazunguka kwenye simu mpaka ikamfikia mpwa wake aliyeko Dubai, naye akampigia kumuuliza kwa nini anawaaibisha. Tangu hapo Bi Nasima hapokei kitu cha mtu. Ukimpelekea futari anasema keshakula. Idd ya mwaka jana hata mlango hakufungua. Kaka, nlikuwa na hofu kweli. Mtu mzima kama yule atafunga kwa chai kavu mpaka lini?

Basi siku moja kabla ya Idd nkamtuma mchukuzi wa Darajani ampelekee mchele wa sadaka yenu, nkamwambia autue ndani ya mlango, aseme tu umeletewa, kisha aondoke asingoje maswali. Siku nzima nlikuwa roho juu, nasubiri urudishwe. Haukurudi.

Asubuhi ya Idd, bado hatujatoka kwenda kusali, nkasikia hodi. Bi Nasima huyo, kavaa buibui lake, kashika bakuli la mchele limefunikwa kawa. Nkajua basi, kanigundua, anarudisha.

"Hii zaka yangu ya fitri, Mwanakheri," akasema. "Mwaka jana sikuwa na cha kutoa. Mwaka huu Mungu kaniletea."

Moyo ukanifunguka. Nkadhani ananiagiza, nkamuuliza nimpelekee nani.

"Wewe. Mjane, watoto watatu, na cherehani yenyewe ya kuazima. Sindano siioni, lakini wewe nakuona. Pokea."

Uso ulinishuka, kaka. Mimi mgawaji wa sadaka, napewa fitri mlangoni kwangu, na majirani wanapita na kanzu zao! Nlitaka kumwambia kwamba mchele ule kapelekewa na mimi. Neno lilinifika ulimini. Nkamtazama, kasimama wima kama zamani alipokuwa anakuja kutupima nguo. Nkaona nikilisema tu, nimemrudisha kwenye mstari ule wa Mwanakwerekwe. Nkanyoosha mikono miwili nkapokea, nkamuombea Mungu amkubalie. Akaitikia amini, akaenda zake kusali.

Lakini roho haikunitulia. Baada ya sala nkamfuata Maalim Wakil, yule aliyetusomesha Kurani chuoni, nkamueleza yote, nkamwambia nakhofu nimekula haki ya watu, maana mimi si maskini, nna kazi yangu. Mzee akacheka. Akanambia asiye na kitu kabisa ni fakiri. Maskini anacho chake, ila hakimtoshi. Halafu akaniuliza taratibu, "Chako kinakutosha?"

Nkarudi nyumbani nkaupika ule mchele kwa nazi, tukala na watoto. Ulikuwa mtamu, na nlilia jikoni, sikufichi.

Bi Nasima siku ile aliuacha mlango wazi mpaka magharibi, na watoto wa mtaa mzima waliingia kumpa mkono wa Idd. Mwenyewe hajui mchele ulitoka kwa nani, na usije ukaropoka ukimpigia.

Kwa hiyo waambie wenzako sadaka yao imefika kwa wenyewe, na Mungu awalipe. Na wakishikilia kuiona sura ya maskini waliyemlisha, waoneshe picha yangu. Unayo kwenye simu.

Msalimie sana wifi, na Hafiz mwambie shangazi yake hajamsahau. Maalim Wakil anakusalimu, na Bi Nasima anauliza kama umenenepa. Mungu akuzidishie afya na kheri, atukutanishe na uhai wetu.

Ndimi dada yako, nnayekupenda siku zote,
Mwanakheri