Kwa Nini Hukumwona Baba Ijumaa Ile

Nyumbani, chumba cha uani
Jumanne, tarehe 14

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Kifua chako vipi? Lile koti zito ulinunua, au bado unajidai kijana? Na wifi yangu, miguu imepungua kuvimba? Mwambie akae aiinue, vyombo vitamsubiri. Sisi huku tunajikongoja. Waombolezaji wameondoka, viti vya jirani nimevirudisha, na nyumba imekuwa kubwa mno kwangu.

Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu nitaangua kilio kabla sijamaliza. Ujumbe wako niliusoma nikiwa kwenye cherehani. Umeniuliza, "Dada, sema kweli. Baba alikataa kuniona?" Nikaushona mkono wa blauzi ya mteja upande usio wake. Nimeufumua, nimeushona upya, na wewe bado sijakujibu.

Hakukataa. Najua ulichokibeba moyoni tangu ulipoacha kazi ya kiwandani ukaondoka, naye akakwambia hataki kuuona tena uso wako. Baba alikuwa na maneno makali, na mimi ndiye niliyerithi. Lakini Ijumaa ile aliamka akaniashiria nimnyoe. Tangu kiharusi kimchukulie ulimi na upande wa kulia, hakuwa ameomba kitu. Nikamnyoa, nikamvalisha shati lake la mistari, nikamkalisha mbele ya laptop. Ilikuwa saa nane na nusu, na ruhusa yako ya kazini ilikuwa saa tisa hadi saa kumi.

Laptop ikagoma. Nilikwambia mtandao ulisumbua, na hapo nilikudanganya. Kile kiboksi cha intaneti kilikuwa kinawaka taa zote. Laptop ndiyo haikukiona, hata mtandao wa jirani haukutokea kwenye kioo. Nikakizima kiboksi, nikakiwasha. Nikaizima laptop, nikaiwasha. Nikakibeba kiboksi mpaka mezani, waya nusura ukatike. Hii simu yangu ya batani haina picha, ikanifaa kumwita fundi tu. Akasema yuko njiani, na unajua njia za mafundi zilivyo ndefu.

Muda wote huo Baba alikuwa ananyoosha mkono wa kushoto. Nikampa maji, akageuza uso. Nikamfunika shuka, akaisukuma. Akarudi kupapasa ubavu wa laptop, na saa tisa na nusu imeshapita. Mimi unanijua, nikipandwa na hasira sina breki. Nikauondoa mkono wake, nikamwambia, "Baba, tulia basi. Unaniharibia." Nikaivuta meza mbali naye. Akatulia.

Fundi alifika saa kumi na dakika kumi. Begi lake hata hakulifungua. Alipitisha kidole ubavuni mwa laptop, akasukuma kiswichi cha kunasa mtandao, kidogo kama punje ya mchele, taa ndogo ikawaka, intaneti hiyo ikaingia. Akauliza nani alikizima. Nikasema sijui, kisha nikamtazama Baba.

Siku moja kabla nilimwekea picha zako kwenye laptop hiyo, nikamwacha nazo nikaenda kumpima mteja nguo. Nawe wajua kazi yake ya miaka thelathini kwenye mitambo ya unga. Mashine ikipumzika, taa yake isibaki inawaka, asije mtu akapoteza vidole. Alipomaliza kukutazama, aliizima ile taa ya ubavuni alivyozoea. Ijumaa alikuwa ananionyesha palipo na swichi, na mimi nikamfukuza mkono kama kuku aliyeingia jikoni.

Ndugu yangu, nimelia mpaka macho yanakataa uzi wa sindano. Si kiharusi wala si mtandao uliokunyima Baba, ni mimi na haraka zangu. Ulikaa saa nzima ukitazama kioo kitupu, ukiamini baba yako amekugeuzia kisogo, kumbe alikuwa amenyolewa na shati amevaa. Ulipopiga jioni nilikuwa nimeshamlaza, nikaona nisimsumbue, nikakwambia tutapiga asubuhi. Asubuhi hakuamka. Hilo nalo ni langu.

Wifi na mwanenu wape salamu zangu. Shangazi anakuulizia kila siku, na Mjomba anasema ukipata likizo usiogope kuja, nyumba ni yako. Mungu akutunze huko uliko na akupe usingizi, maana najua huupati. Ukiweza, nisamehe. Ukishindwa, niandikie vivyo hivyo, nitasoma.

Nilitaka nifunge bahasha hapa, lakini kuna jambo ambalo huwezi kulijua nisipokwambia. Zile simu saba ulizozikuta ulipotoka kazini, ukadhani ni mimi nilikuwa nang'ang'ania. Fundi alipotuunganisha nilipiga ya kwanza. Ikaita, picha yako imejaa kwenye kioo, mpaka ikakata. Nikataka kuifunga laptop, Baba akanishika kiganja. Nikamwonyesha pa kubonyeza.

Hizo sita alipiga yeye.

Akupendaye, leo kuliko jana,
Dada yako