Wayne Atakaa Meza Moja na Bravin

Hagsätra, Stockholm
7 Juni 2025

Mpendwa dada Wanjira,

Salamu nyingi kutoka huku ambako jua siku hizi halitaki kulala. U mzima? Goti linaendeleaje, na watoto hapo Nyahururu? Sisi hatujambo, ila nina hasira tamu na nataka uionje.

Unajua Bravin wangu analipwa kucheza besiboli, ule mchezo wa kurusha mpira na kuupiga kwa gongo. Stockholm nzima hakuna anayerusha kama yeye, nasema mimi niliyemzaa. Mwezi jana mwenzake Vedasto alivunjika kidole uwanjani, na meneja wao, Wayne, akamwambia akajitibu mwenyewe. Bravin akasema basi wachezaji waunde chama cha kuwatetea. Wayne akamvua jezi mbele ya timu nzima, akamfukuza kazi. Mtoto wangu!

Sikulia. Wayne alikuwa amewakataza wachezaji kukutana uwanjani, kwa hivyo nikawaita kwangu Jumapili baada ya kanisa. Nikapika chapati na ndengu, nikaweka fomu za chama mlangoni, vile tunafanya kwenye kikundi chetu cha akina mama: unatia sahihi kwanza, ndipo unapewa sahani. Bravin aliona haya, akaninong'oneza kwa Kiswidi nipunguze ukali. Nikajifanya sisikii.

"Mama, harufu hii itaniua," Vedasto akalalamika.

"Kufa, lakini tia sahihi kwanza."

Akatia kwa mkono wa kushoto, maskini. Wakatia wote kumi na wanane, wakamchagua Bravin mwenyekiti. Siku ya mechi hakuna aliyeingia uwanjani! Wayne alisimama peke yake na gongo mkononi, kama mtu anayefukuza kuku wa jirani. Nilimpiga picha. Nakutumia, iweke ukutani.

Juzi akanipigia simu, sauti laini kama uji.

"Mama Bravin, tuyamalize kifamilia."

"Sisi si familia. Zungumza na mwenyekiti wa chama."

"Ni nani huyo?"

"Yule uliyemvua jezi."

Akaniuliza mwenyekiti ana nafasi lini.

Wanakutana Alhamisi. Sharti la kwanza ni Bravin arudishwe kazini, la sivyo hawachezi. Mchungaji ananiambia nisamehe. Nitasamehe, dada. Ijumaa.

Msalimie sana shemeji Njuguna na binti yetu Wanjugu. Mungu awafunike nyote, awape afya na usingizi mtamu.

Ni mimi dadako nikupendaye bila kuchoka,
Mama Bravin