Mama, Kesho Ninapanda Meli na Kifafa Changu

Mama yangu mpendwa, uliyelala Rutshuru,

Kesho asubuhi ninapanda meli kwenda Bukavu. Ninakuandikia wewe kwa sababu ndiwe ungeniuliza maswali yanayofaa: nimekula? Nitalala saa ngapi? Vidonge viko wapi? Nimekula, mama. Nitalala mapema. Vidonge nimevigawa, vingine mfukoni mwa koti, vingine sandukuni chini ya mashati, ili sanduku likipotea nisipotee nalo.

Ofisi yetu, ile biro ya kahawa, inanituma nikajifunze mashine ya kuandika, na nikirudi nitakuwa karani wa kwanza. Shefu, mkubwa wa biro, aliponiambia niliitika, "Ndiyo, Bwana," nikainamia karatasi zangu. Sikuwaza mashine, niliwaza maji. Nikianguka hapa Goma ninaangukia ardhi. Nikianguka ukingoni mwa meli, nani atajua nilikoenda? Na nikimwambia shefu kwamba nina kifafa, atamtuma mwingine, na huenda hata meza yangu akampa huyo mwingine.

Unaikumbuka ile kamyo ya Rutshuru, lile lori la mizigo? Nilikuwa bado mwanafunzi, tumekaa juu ya magunia ya maharage. Kabla dereva hajawasha moto ulisimama katikati ya abiria, na kitambaa chako cha njano kichwani, ukasema kwa sauti ya mtu anayeuza samaki: "Musikilize! Huyu ni mutoto wangu. Anaweza kuanguka. Akianguka mumulaze kwa ubavu, musimutie kitu mu kinywa, musimukimbie. Kisha ataamuka na ataomba chakula."

Nilitamani kuingia ndani ya gunia. Mama mmoja mwenye kuku alisogea mbali nami, yeye na kuku wake. Ukamwambia, "Sogea tu, mama, sisi tutanyoosha miguu." Na kweli ukainyoosha! Mpaka Rumangabo tulikaa kama watoto wa mfalme, naye amebanwa kwenye kona, kuku anamnyea kitenge. Ulicheka mpaka ukashika mbavu, na mimi, pamoja na aibu yangu yote, nikacheka.

Tangu utuache hakuna aliyesimama kunisemea, nami sikujua kusimama mwenyewe. Kazini hakuna aliyejua. Lakini safari hii siendi peke yangu. Ninakwenda na Gasipari, karani mwenzangu, yule ambaye akicheka ndani ya biro, wanawake wanaochambua kahawa uani nao huanza kucheka bila kujua sababu. Ijumaa nilimwita nyuma ya ghala. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri, kama barua ya kazi. Yote yakanitoka.

"Gasipari, mimi nina kifafa. Ninaweza kuanguka mu meli."

Akaniuliza:

"Ndiyo maana haunywi pombe?"

"Ndiyo. Infirmiye wa hospitali alinikataza, kwa sababu ya vidonge."

"Na unakwendaka kulala mapema na kuku?"

"Ndiyo."

"Ee Mungu! Sisi wote tulisema wewe ni Muprotestanti!"

Mama, mimi niliyebatizwa mbele yako, niliyebeba chetezo kanisani! Kumbe walikuwa wananionea huruma kwa dini nisiyokuwa nayo. Nilimuuliza kama atamwambia shefu. Akasema, "Mimi ninasafiri na wewe, sisafiri na shefu."

Leo, baada ya misa, mdogo wako Veronika aliwaita majirani kwake Murara waniage. Aliweka chungu katikati na mirija ndani yake, kama desturi. Nami nikakaa karibu na mlango na kikombe changu, kama desturi yangu. Muzee Bonifasi, jirani wa tangu zamani, alivuta mrija mara moja akakunja uso.

"Veronika, hii ni nini?"

"Maji ya ndizi, muzee."

"Hayajakomaa?"

"Na hayatakomaa. Leo tunakunywa kitu mwenye safari anaweza kunywa."

"Basi mumenialika kunyonya," akanung'unika muzee, na watu wakamcheka.

Hapo Gasipari akaniita chunguni. Nikaonyesha kikombe changu. Akaja, akaniondolea kikombe, akanivuta kwa mkono, akanipa mrija wake. Nikanywa. Akauchukua kutoka mdomoni mwangu na kunywa, palepale, bila kuupangusa. Unajua vizuri, mama, tangu utoto wangu ni wewe na Veronika tu mliogusa kitu nilichokigusa kwa mdomo.

Gasipari akajifuta midevu. "Tamu. Sasa lala chini."

"Nini?"

"Anguka, nijaribu. Mimi sitaki kujifunza mu meli, mbele ya watu."

Nikalala mkekani na shati langu la kanisa. Alinigeuza vibaya, nikaangukia tumbo. Veronika akampiga kofi la mgongo: "Kwa ubavu! Unageuza mutu ao unageuza gunia?" Akarudia. Kisha jirani mwingine akataka kujaribu, kisha mke wake. Nilianguka mara nyingi zaidi leo kuliko mwaka mzima, na kila mara nilianguka nikicheka. Mwishoni Muzee Bonifasi, ambaye hajawahi kunipa mkono, akapiga magoti kwa shida, akaniuliza polepole, "Na kichwa, mutoto wangu? Ninakiweka wapi?" Nikamwonyesha. Mkono wake ni mzito na una joto.

Nilipomsindikiza Gasipari, nikamwambia safari yote nitakaa ndani, mbali na ukingo.

"Ufike Bukavu bila kuona ziwa? Hapana. Utasimama pa kuonea, mimi nitakushika mukaba wa suruali kwa nyuma."

"Na watu wakiuliza?"

"Nitasema wewe ni ng'ombe yangu, ninakupeleka soko."

Bado ninaogopa, mama. Lakini nimetoa mikanda yangu yote miwili, nimeivuta kwa nguvu mmoja baada ya mwingine, na nimechagua ule mpana.

Pumzika vema. Nitakueleza ziwa likoje kutoka melini.

Ni mimi,
mutoto wako wa kamyo