Bakuli la Mama Lililofukizwa

Alhamisi, Juni 1986

Bado nalinusa. Nimeliweka hapa mezani karibu na rozari, lile bakuli la maua ya bluu ambalo marehemu mama alipewa na masista akiwa msichana.

Leo mnunuzi wa vitu vya kale kutoka Murongo alifika. Aliligonga kwa ukucha, likalia kama kengele ya mbali. "Zima," akasema. Akaligeuza, akapapasa kitako kilicholika. "Mama, hili limetuzidi umri sote." Kisha akachungulia ndani, akaona vile vistari vya kahawia vyembamba kama nywele, akacheka. "Nani alilikausha kwa moshi kama samaki?"

Nikamwambia ni mama. Alilitilia maziwa, na kila asubuhi alilifukiza kwa nyasi kama kibuyu, maana hakujua chombo cha maziwa kisichofukizwa.

"Haidhuru. Nitalichemsha kwa magadi, vistari vitoke, lirudi jeupe. Hapo ndipo litapata bei."

Mume wangu alinitazama. Paa la jiko linavuja, na mabati yangenunuliwa kwa bei yake. Nami nilikuwa nimekubali kuliuza tangu jana, hata nimesali.

Lakini lirudi jeupe... Nililitoa mikononi mwa mnunuzi taratibu, nikamkaribisha chai.

Mgeni alipoondoka, mume wangu akasema, "Basi mvua itunyeshee, Mama Anita." Akaliinamia, akanusa. "Mama mkwe yumo humu."

Ee Mungu, nisamehe kama ni ubishi. Usingizi unanijia pamoja na ule moshi, na ng'ombe wa nyumbani kwa mama wanarudi.