Dalmas na Violini za Wahungaria

Emma, uko? Usinipigie, niko na watoto wa madam hapa kwa tamasha. Soma tu.

Dalmas yuko hapa Jeddah. DALMAS WANGU! Yule aliniapia bosi amemnyima ruhusa, hawezi toka Riyadh.

Madam ametuacha hapa tuone Wahungaria, wanaigiza na kucheza hapa nje, jukwaa halina paa, jasho inatutiririka. Sielewi neno hata moja lakini hizo violini zao, Emma, unaweza lia bure. Nikamkumbuka mtu wangu. Nikamtext, uko wapi?

Akanitumia voice: "Niko Suwaidi, huku Riyadh, naosha gari, mpenzi. Huku ni kimya tu."

Kimya! Na nyuma ya sauti yake nasikia violini. Wimbo ule ule!

Nikasikiliza tena. Naosha gari. Violini.

Kuinua macho hivi, safu chache mbele yangu naona ile shati ya kijani nilimnunulia soko la Sharafiya. Na kichwa cha Shirleen kwa bega lake. Shirleen! Huyo tunaomba naye kwa simu kila Ijumaa! Ndiye huniambia nimvumilie Dalmas, ati kazi ya udereva ni ngumu.

Sikulia, watoto wangemwambia madam. Nilirekodi violini tu, nikamtumia bila neno.

Nikamwona akiweka simu kwa sikio. Akatoa bega. Sasa amesimama, anaangalia watu huku nyuma, kiti kwa kiti.

Hajafika kwangu bado. Nimemshusha mtoto mapajani, na mimi nimesimama.