Tumbo la Yustus

Alhamisi, 6 Machi 1986
Nimejifungua juzi. Mvulana! Mume wangu, Mutalemwa, amempa jina la marehemu baba yake, Yustus. Ananyonya, kisha anatapika kijani. Nepi kavu—choo cha kwanza hakijatoka hata chembe. Nesi wa zahanati anasema kitakuja tu, watoto hawafanani. Mama mkwe, Kokwijuka, anamkanda tumbo kwa samli. Limekaza, linang'aa.

Jumatatu, 10 Machi
Lori la ndizi kutoka Kaisho hadi hospitali. Daktari alimwingiza kidole—hewa na choo vikaruka mpaka kwenye koti lake! Nilicheka kwa furaha. Yeye hakucheka. Anasema kipande cha utumbo wa chini hakina mishipa ya fahamu, hakisukumi. Kitaondolewa akikua. Kwa sasa anataka kumtoboa tumbo, choo kipitie ubavuni.

Mutalemwa akasimama. "Mwanangu anyee tumboni? Watu watasema nini?"

Daktari akaeleza tena, polepole. Njia nyingine ipo: kumsafisha utumbo kila siku kwa mpira mwembamba na maji ya chumvi, asubiri akue, apasuliwe mara moja tu. Ila kwetu ni mbali, homa ikimshika ni hatari. Mutalemwa alisikia "mara moja tu". Basi. Mimi sikuulizwa.

Jumapili, 23 Machi
Wote kanisani. Mimi na beseni, mpira, chumvi, mikono imechubuka. Naingiza maji, yanatoka, tumbo linanywea, mtoto analala. Kokwijuka anasema namzoesha uvivu. Mutalemwa anawaambia wenzake kwenye pombe ya rubisi kwamba mwanawe kapona. Kapona! Hajaugusa mpira ule hata siku moja.

Ijumaa, 11 Aprili
Homa. Choo maji matupu, kinanuka uozo. Damu. Mutalemwa yuko Rugu kwa kaka yake. Sitamngoja.

Jumamosi, 12 Aprili
Hospitali tena. Nilimwambia daktari kabla sijaketi, "Mtoboe. Leo." Akamgusa mtoto, akatikisa kichwa. Sasa haiwezekani—utumbo umevimba, dawa ya usingizi itamuua. Kwanza dripu na sindano, homa ishuke. Mwezi uliopita mtoto alikuwa na nguvu, tukakataa. Leo tunataka, mtoto hana nguvu. Nani nimlaumu? Nawalaumu wote, na mimi mwenyewe niliyenyamaza.

Mchana amefika Mutalemwa kwa baiskeli, matope mpaka magotini. Hakunisalimia. Akamwamkia daktari shikamoo—kijana mdogo kwake! Akasema, "Mtoboeni popote mnapotaka."

Daktari akamjibu bado, na siku ya kumpasua damu itahitajika. Mutalemwa akakunja mkono wa shati pale pale, akaunyoosha mbele ya nesi. Nesi akampita, akaenda kumpima Yustus homa. Anaitazama ile thamometa muda mrefu mno. Mutalemwa bado kaunyoosha mkono.