Siku Nilizosema Nimefunga

Namur, 16 Juni 2025

Dada Yasmini mpendwa,

Amahoro. Hamjambo hapo nyumbani? Shemeji Nuhu hajambo, na mama mkwe wako na ule mguu wake? Watoto watatu wote nawakumbatia. Mimi ni mzima. Jua limetoka hapa Ubelgiji, ila wazee ninaowaogesha kazini bado wanadai blanketi mbili.

Nakuandikia barua kwa ujumbe wa simu kama kawaida yetu, maana nikipiga simu nyumba nzima inatega sikio na hatuongei la maana.

Nina ombi, usinicheke. Kazini tumeingia shindano. Kuanzia tarehe 30, siku tano, kila mtu atakula kwa euro mbili tu kwa siku, hata chumvi na chai zimo humo humo. Tunachobakisha, pamoja na michango ya wanaotuunga mkono, kinakwenda kwa shirika linalolisha watoto wenye njaa. Wenzangu wanahangaika na tambi. Mimi nikawaambia nina dada Rumonge anayeweza kulisha watu sita kwa sahani moja ya ndagala. Basi nifundishe, dada. Nitapikaje nishibe kwa pesa kidogo hivyo?

Ni mimi mdogo wako,
Nour

*

Rumonge, 21 juni 2025

Mudogo wangu Nour,

Amahoro na wewe. Sisi tuko wazima, murakoze kwa kuuliza. Mguu wa mama mukwe uko pale pale, anaupaka mawese kila asubuhi na kuusema vibaya. Nuhu anakusalimu. Ziwa limefungwa tangu katikati ya mei, kama mwaka jana, eti samaki wazaane. Mitumbwi imelala mchangani, na yeye amekopa kinga, baiskeli ya jirani, anabeba mawese kutoka Kizuka. Anarudi anaburuta miguu, halafu anasema ni mazoezi.

Sasa tuongee sisi wawili. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mutu mwenye mshahara akae na njaa kwa kupenda, na Ramadhani imekwisha? Nour, mimi ndiye niliyekulea mama alipokufa. Wewe tangu utotoni ukiumia unaanza na kucheka. Kama kazi imeisha, sema. Kama ni yule bwana amekuacha na kodi ya nyumba, sema. Mimi sikuulizi zaidi, ila hiyo hadithi ya shindano wape Wazungu.

Chakula ni hivi. Ndagala usizipike nzima. Zikaange kavu, uzitwange ziwe unga, unyunyize juu ya majani ya sombe. Kila mutu anapata harufu ya samaki, na hakuna anayehesabu wangapi wako kwa sahani ya mwenzake. Mawese tia mwisho, nusu kijiko, usiyatie mwanzo yakapotea. Nimekufungia ndagala kilo mbili na chupa ya mawese. Mardochée, yule mwalimu wa Minago, anapanda ndege tarehe 25 kwenda Brussels. Usiniulize nimezitoa wapi.

Na usione haya. Nakuambia jambo ambalo Nuhu mwenyewe halijui, ili ujue hauko peke yako. Ziwa likifungwa, hapa tunapika mara moja, saa saba. Chungu hakitutoshi sisi sita. Basi mimi nafunga. Nilianza na Jumatatu na Alhamisi, sunna, watu wakasema mashallah. Halafu nikasema nalipa siku zangu za Ramadhani. Zikaisha, nikasema nina nadhiri. Mutu aliyefunga hakuna anayemubembeleza kula, wala anayemuuliza sababu. Sehemu yangu wanagawana watoto na bibi yao. Magharibi nafungua kwa uji mwepesi, nasema tumbo limejifunga, nalala. Wamama wa karitiye, mtaa wote, sasa wananiita Hajati kwa utani, na wamenipa darasa la wasichana niwafundishe dini. Nakaa mbele yao nikifundisha nia ya funga, mimi ambaye nia yangu Mungu peke yake ndiye anayeijua. Sijui kama siku hizi zinaandikwa huko juu. Kinachonisumbua ni hicho, njaa nimeizoea.

Nuhu akijua atakufa kwa aibu. Ni mutu anayeweza kulala na homa kuliko kuomba chumvi kwa jirani. Soma hii, kisha ifute.

Ni mimi dada yako,
Yasmini

*

Namur, 8 Julai 2025

Dada yangu kipenzi,

Salamu nyingi kama mchanga wa Rumonge. Natumaini mko salama wote. Ndagala na mawese nilivipata kwa Mardochée, Mungu akuzidishie. Nilipofungua ule mfuko nikawa kama niko jikoni kwako.

Dada, kazi haikuisha, na bwana yupo, anakoroma hapa karibu yangu. Shindano lilikuwa shindano kweli. Nilitaka kukuambia mara moja, lakini barua yako niliirudia mpaka alfajiri. Sikulala. Nikaitafsiri kwa Kifaransa, na siku ya mwisho, kwenye chakula cha kufunga shindano, nikaisoma mbele ya watu wote. Ukumbi mzima ulilia. Mkurugenzi wetu alitoka nje. Mimi mwenyewe siku ya tatu nilishindwa, nikanunua viazi vya kukaanga pale stesheni, nikawaambia na hilo, wakacheka, wakanisamehe. Lakini wewe, dada, ulifanya wafungue mifuko. Tulikuwa tumefikisha euro mia sita. Baada ya barua yako zikawa elfu nne na mia mbili.

Shirika limeiweka kwenye Facebook yao, na picha yetu sisi wawili, ile ya Idi, uliyovaa kitenge cha njano. Usiogope, jina lako sikuliandika, wala la shemeji. Niliandika tu "dada yangu wa Rumonge". Watu wanakuita shujaa. Wanataka kukufanyia jambo, nami nimewaelekeza mtaa. Utaona mwenyewe, sitaki kukuharibia furaha.

Ni mimi mdogo wako anayejivunia wewe,
Nour

*

Rumonge, 3 agosti 2025

Nour,

Amahoro. Watoto ni wazima. Mama mukwe ni mzima.

Dada wa Rumonge unao wangapi? Hapa hakuna asiyejua kwamba uko na mumoja. Na Kifaransa, umesahau kwamba tulikisoma wote kwenye shule moja? Anwari, yule binamu yetu wa Buyenzi, aliiona ile picha, akairudisha barua kwa Kiswahili, kwa sauti yake, akaituma. Wiki mbili ilitembea kwa simu za watu. Wamama walinyamaza nikipita sokoni, mimi nikafikiri kuna aliyefiwa.

Juzi, Ijumaa, likaja gari jeupe lenye maandishi ubavuni. Watu walikuwa wanatoka msikitini. Kijana mumoja mwenye kamera akashuka, akauliza mbele ya wote, kwa adabu kabisa: "Iko wapi nyumba ya yule mama anayefunga kwa sababu hana chakula?" Nuhu alikuwa anavaa viatu. Watu walimutazama yeye. Ndiye aliyewaonyesha njia, Nour. Alitembea mbele ya lile gari mpaka mlangoni kwetu.

Walishusha mifuko mitatu ya mchele na mafuta, wakataka nisimame karibu na mifuko nipigwe picha. Nilikataa. Wakapiga picha mlango.

Nuhu hakugomba. Aliniuliza kitu kimoja: "Siku ngapi?" Nikasema arubaini na moja. Akauliza tena, "Na mimi nilikuwa nakula?" Akachukua kofia na shati la pili, akapanda gari la Nyanza-Lac. Hajanipa talaka, hajanipa salamu.

Mama mukwe sasa ananisukumia sahani yake. Anasema amekula vya mkwewe bila kujua, na hawezi kumeza tena. Wasichana wa darasa wamepata mwalimu mwingine, wamama walimutuma Émérance, jirani yangu Mkristo, aje aniambie nipumzike kidogo. Hata kuja wenyewe waliona tabu. Émérance alilia kuliko mimi.

Ule mchele nimeupika. Watoto hawana kosa. Nimekula na mimi, mbele yao wote, maana nikikataa watasema nimefunga tena.

Nilikuandikia nikidhani una njaa. Nilivua nguo yangu nikufunike, wewe ukanitembeza uchi ukumbini, wakapiga makofi. Ungeniambia siku ile ile kwamba ni mchezo, ningecheka tu. Umekaa na siri yangu siku kumi na kitu, ukaona ni tamu, ukawagawia watu.

Dada yako,
Yasmini

*

Namur, 14 Septemba 2025

Dada Yasmini,

Amahoro, dada. Hii ni barua ya nne tangu ile yako. Sijui kama unazifungua. Natumaini afya iko, na watoto wamerudi shule.

Shirika limeifuta barua na picha. Niliwagombeza, lakini najua aliyewapa ni mimi. Nilipokuwa nasoma pale mbele na kila mtu ananitazama, nilijiona mtu mkubwa. Hilo ndilo la kweli, na linanichoma. Sitafuti msamaha wa wengine, wewe ndiye ninayekuomba msamaha.

Binamu Anwari ameniambia ziwa limefunguliwa, ila Nuhu bado yuko Nyanza-Lac kwenye mtumbwi wa watu, na wewe unakonda. Niambie, dada. Amerudi? Mnakula? Nitumie nini? Sitamwambia mtu, naapa kwa kaburi la mama. Niandikie kama zamani.

Mdogo wako,
Nour

*

Rumonge, 20 oktoba 2025

Kwa Nour,

Amahoro. Tunatumaini barua hii inakukuta na afya njema, wewe na bwana wako, na kazi inaendelea vizuri.

Sisi hapa wote ni wazima. Mguu wa mama mkwe umepona. Watoto wanasoma vizuri. Nuhu yuko hapa, amekula ameshiba, anakusalimu sana. Samaki ni wengi mwaka huu, mukeke mpaka tunawapa majirani. Usitume kitu, hatuna upungufu wowote. Mvua imeanza vizuri.

Hatuna habari nyingine. Wasalimie wenzako wa kazini. Barua hii unaweza kuwasomea.

Ni mimi,
Yasmini, mke wa Nuhu